Mageuko, kwa K

Kwa miaka mingi nimekana kwamba Profesa aliwahi kunijibu. Walioniuliza walikuwa wengi: wanafunzi wake, mchungaji wetu wa Mkonze, mama yangu mzazi, na mwishoni binti yake, ambaye kumficha kuliniumiza kuliko kuwaficha wengine wote. Walitaka kujua jambo moja. Yule mzee aliyefundisha watu kwamba viumbe vimetokana na viumbe vingine, je, alimwamini Mungu au hakumwamini? Nami niliwajibu kwa uso wa mtu asiye na la kuficha, uso ambao nimeufanyia mazoezi: "Hakuwahi kuniambia."

Aliniambia. Ilikuwa mara moja tu, tukiwa tumechuchumaa kwenye dimbwi lililokauka upande wa Bahi, mikono yetu imejaa udongo mpaka kwenye viwiko. Nitafika huko. Aliniomba neno lile liishie palepale, na mimi, ambaye sijawahi kutunza siri hata ya bei ya kitenge, hilo nililitunza. Sasa hayupo, na yule aliyekuwa anafichwa ameshalisikia kwa mdomo wangu na amesema niandike. Basi naandika.

"Profesa" halikuwa cheo chake. Alistaafu akiwa mhadhiri mwandamizi, na kwa muda mrefu kila aliyemwita profesa alimsahihisha, mpaka akachoka. "Dodoma hii kila mwenye suti ni mheshimiwa," alisema. "Acha na mimi mwenye matope niwe profesa." Matope alikuwa nayo kweli. Alivaa buti za mpira ofisini kwake chuoni Chimwaga hata miezi ambayo mvua ni hadithi, na kwenye mfuko wa shati, mahali wenzake walipoweka kalamu, yeye aliweka chujio la chai. Alilitumia kuvulia visamaki. Nyumbani kwake Miyuji wageni waliolijua jambo hilo walikuwa wakisema wameshakunywa chai walikotoka.

Mimi sikuwa mwanafunzi wake wa baiolojia. Nilimfahamu kwa sababu ya herufi moja. Nilikuwa mtu mzima tayari, mwalimu wa sekondari niliyerudi chuoni kusomea shahada ya pili ya Kiswahili, nikijiona mlinzi wa lugha nzima. Yeye alikuja kwenye idara yetu akitafuta mtu wa kumsaidia kutafsiri kijitabu alichokiandika kwa Kiingereza, cha kuwaeleza watu wa vijijini habari za visamaki vya madimbwini na sababu ya kutoyafukia madimbwi. Nilisukumiwa mimi. Nikaifanya kazi ile kwa madaha yote. Kila palipozungumzwa viumbe kubadilika kizazi baada ya kizazi, nikaandika "mageuzi".

Alinirudishia karatasi zikiwa na duara jekundu kwenye kila herufi z. Zilionekana kama mtoto mwenye surua.

"Mama Lugha," aliniambia, na jina hilo likanikaa, "mageuzi ni nini?"

"Ni mabadiliko makubwa, Profesa. Mageuzi ya kilimo, mageuzi ya elimu."

"Na kwenye mageuzi kuna nani?"

"Kuna wanaoyafanya."

"Kuna mgeuzaji."

"Ndiyo."

"Na kwenye mageuko?"

Nilikuwa na shahada moja na nusu ya lugha hii na hakuna aliyekuwa amewahi kuniuliza.

"Mtu anageuka," alisema, akijigeuza kitini kunionyesha, kama vile nimetoka ng'ambo jana. "Chapati inageuzwa. Chapati haigeuki. Ukiiona inageuka yenyewe, kimbia. Mimi naandika juu ya vitu vilivyogeuka. Niwekee k."

"Kwa hiyo unasema hakuna mgeuzaji?"

"Nimesema niwekee k."

"Kwa sababu hayupo?"

"Kwa sababu naandika kuhusu samaki."

Nimesoma tangu siku ile vitabu vinene ambamo watu wenye akili wanagombana kuhusu jambo hilo, nikifika katikati nasinzia, na kila nikizinduka nakumbuka kwamba Kiswahili kiliuweka ugomvi wote kwenye konsonanti moja na kuendelea na shughuli zake.

Niseme juu ya visamaki vyenyewe, maana bila hivyo huwezi kumwelewa. Katika nyanda hizi zetu kavu kuna madimbwi yanayojaa wakati wa masika na kukauka kabisa kiangazi, mpaka ng'ombe wanapita juu yake wakiacha vumbi. Mvua ikirudi, maji yakakaa siku chache, unaona samaki. Wadogo, urefu wa kidole cha mtoto, dume likiwa na wekundu na buluu ya kukutia aibu kama umevaa nguo ya ofisini. Wanakua haraka, wanaoana, wanataga kwenye matope, maji yanakauka, wanakufa wote. Mayai yanabaki udongoni, makavu, mpaka mvua nyingine.

Watu wa pale wanasema samaki hao huanguka na mvua. Mfugaji mmoja mzee tuliyemkuta dimbwini alilisema hilo mbele yetu baada ya kumaliza salamu, "mbukwenyi" ya Kigogo kwanza na Kiswahili baadaye, na Profesa akamuuliza kwa adabu:

"Mzee wangu, umewahi kuwaona wakianguka?"

"Wewe umewahi kuwaona wakitembea kuja hapa?"

"Hapana."

"Mto uko wapi?"

"Mbali."

"Basi. Kisichotoka pembeni kinatoka juu."

Profesa alicheka kwa furaha ya kweli, akampa mkono. Garini aliniambia, "Yule ana mantiki kuliko darasa langu zima. Upande mmoja tu hakuutazama."

"Upi?"

"Chini."

Lakini lililomshika maisha yake yote halikuwa lile la samaki kutoka udongoni. Ilikuwa kwamba hawatoki wote. Kila mkulima wa Dodoma anajua kwamba mvua ya kwanza ni ya uongo. Inanyesha, watu wanapanda uwele na mtama, kisha jua linarudi na kuichoma miche. Profesa aligundua, au wenzake waligundua na yeye akalitazama kwa macho yake mpaka likawa lake, kwamba mayai ya mama mmoja, yaliyotagwa siku moja kwenye tope moja, hayafanani tabia. Mengine yakiguswa na mvua ya kwanza yanaanguliwa papo hapo. Mengine yanalala. Yananyeshewa na hayatoki.

"Hayaamini mvua ya kwanza," alisema.

Alilifundisha hilo kila mwaka, na wanafunzi waliokuja kusikiliza walikuwa wengi kuliko waliosajiliwa. Mwaka wa mvua ya uongo, wepesi wa kuamini hufa wote, na dimbwi huokolewa na wenye shaka. Mwaka ambao mvua ya kwanza ni ya kweli, wepesi hupata maji yote, chakula chote na muda wote, na wenye shaka hubaki wamekosa harusi. "Dimbwi la waamini watupu lingeshakufa," alisema. "Dimbwi la wenye shaka watupu lingebaki udongo. Hakuna aliyewapanga. Waliobaki ndio hawa."

Siku moja kijana mmoja, kiongozi wa kikundi cha maombi, alisimama ukumbini. Nilikuwepo, nimekaa nyuma nikijifanya nasahihisha kazi.

"Profesa, wewe ni yai gani?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Profesa alisubiri kiishe.

"Mimi bado niko kwenye udongo, mwanangu."

Ndivyo alivyokwepa. Hakukasirika, hakudhihaki, na hakujibu. Mama yangu alimkaribisha kwetu Mkonze siku moja, akamwekea ugali wa uwele na mlenda, akamwacha anawe mikono, ndipo akamtegea. "Baba, huyu binti yangu anakusifia. Lakini nakuuliza kama mama, wewe unaamini nini?" Profesa alilitazama bakuli. "Mama, naamini mlenda huu unapoa." Mama akacheka mpaka akasahau swali. Alilikumbuka jioni, mgeni akiwa ameshaondoka, akanigeuzia mimi. "Hakuwahi kuniambia," nikasema. Wakati ule ilikuwa bado kweli.

Mimi mwenyewe nilikuwa aina ya msomi inayokera: kanisani nilikwenda Pasaka na Krismasi kwa ajili ya mama, na chuoni nilisema kwamba nakwenda kwa ajili ya utafiti. Nilimtaka Profesa awe upande wangu. Nilitaka aseme waziwazi kwamba mbingu ni tupu, nami nimnukuu. Hakunipa nafasi hiyo. Alikuwa mkali kwa wasioamini wa bei rahisi kama alivyokuwa kwa wahubiri. Kwenye mtihani, msichana mmoja aliandika maelezo yote sahihi ya jinsi viumbe vilivyogeuka, kisha akamalizia, "Hili ndilo jibu linalotakiwa, lakini mimi siliamini." Alimpa alama zote. "Sikumuuliza anaamini nini," alisema. Kijana mwingine alijaza ukurasa kwa kuwakejeli masheikh na wachungaji. Huyo alimwangusha. "Amenijibu mimi. Hakujibu swali."

Na wale waliosema kwamba jambo fulani ni la ajabu mno, sayansi haiwezi kulieleza, kwa hiyo Mungu yupo, aliwaonya kwa upole ambao sikuutegemea. "Msimpe Mungu chumba cha giza," alisema. "Siku umeme ukifika mtamhamishia wapi?"

Alipenda kusema kwamba wanafalsafa ni watu wanaouliza maana ya dimbwi wakati ng'ombe wameshamaliza maji. Nilipoingia nyumbani kwake kwa mara ya kwanza nikakuta rafu ya falsafa ni ndefu kuliko ya baiolojia, na vitabu vimechakaa. Alivisoma kama mtu anayekuna kidonda. Alikuwa na kanuni yake: mwanasayansi anauliza "vipi". Swali la "kwa nini" ni la watu wawili tu, mtoto na mfiwa, na wote wawili wasikatazwe.

Nilimsikia akisema hivyo darasani miaka kadhaa kabla hajawa mfiwa.

Mkewe alikuwa mwanamke wa swala zote, mcheshi, aliyekuwa akimwita mumewe "mzee wa vyura" makusudi, akijua ni samaki. Nyumba yao ilikuwa na dirisha kubwa chumbani, limetazama kaskazini, na mke alipenda kuswali pale. Profesa alikuwa na utani wake kuhusu dirisha lile. Yeye ni Mrangi, kwao Kondoa, na Kondoa, kama unavyojua, iko kaskazini mwa Dodoma. Kibla nacho, ukiwa hapa, ni kaskazini. "Mrangi akiwa Dodoma hana taabu," alisema. "Akikumbuka Maka au akikumbuka nyumbani, shingo inakwenda palepale." Mkewe alimjibu kwamba yeye hakumbuki vyote viwili, anakumbuka vyura.

Mkewe alipofariki, Profesa alikaa msibani mkekani kimya, akipokea mikono ya watu. Ramadhani ya kwanza baada ya hapo nilipita kwake alasiri kumpelekea tende, nikamkuta jikoni anakoroga uji wa pilipili manga. Nilikuwa simjui kama mtu wa kufunga. Miaka yote alikuwa mtu wa kula kwa siri na kujipangusa mdomo.

"Shikamoo, Profesa. Umefunga?"

"Marahaba. Nimefunga."

"Kwa hiyo…"

"Kwa hiyo uji unakaribia. Usianze."

Nilikaa. Baada ya muda alisema mwenyewe, akiwa amenipa mgongo, mwiko ukizunguka, "Alikuwa ananiamsha kwa ajili ya daku, nile naye. Sasa naamka mwenyewe muda uleule, nakaa kitandani. Mtu anayeamka saa ile bila sababu ni mgonjwa. Nikifunga, nakuwa na sababu."

"Umeuliza kwa nini?" Nilijiona mjinga mara tu swali lilipotoka.

"Mimi ni mfiwa. Nina ruhusa."

"Lakini umeuliza?"

"Kila siku. Sijibiwi. Ila nimegundua kwamba nauliza kwa sauti."

"Unamuuliza nani?"

"Mama Lugha, nimekwambia usianze."

Ilikuwa kiangazi cha mwaka uliofuata tulipokwenda Bahi kuchukua udongo. Alikuwa ameshastaafu, lakini aliendelea kukusanya udongo wa madimbwi kwenye makopo, akiuhifadhi kwa ajili ya yeyote atakayeutaka. Mimi nilikwenda kama dereva. Dimbwi lilikuwa limepasuka vipande kama kigae. Alichuchumaa, akachomeka mwiko wa fundi uashi, na kabla haujaingia akatamka kitu chini kwa chini. Nilikuwa nimeshakisikia mara nyingi safari za nyuma, nikidhani anahesabu. Siku ile hapakuwa na upepo.

"Umesema bismillahi."

Alichota udongo, akaumimina kwenye kopo, akachota tena.

"Profesa."

"Nimekusikia." Aliweka mwiko chini. "Nimetafuta mkono maisha yangu yote. Kwenye yai, kwenye pezi, kwenye damu. Kila nilipodhani nimeuona, nikisogea karibu nakuta kitu kimegeuka chenyewe, polepole, kwa muda mrefu ambao kichwa hakiwezi kuubeba. Sijauona, Mama Lugha. Sisemi haupo. Nasema nimetafuta kwa uaminifu, na sijauona."

"Basi hiyo bismillahi unamwambia nani?"

Aliutazama udongo uliokuwa kiganjani mwake.

"Hilo nalo sijui. Inatoka kabla sijaizuia. Zamani nilikuwa naizuia. Tangu mama yule aondoke, nimeacha kuizuia."

Mbali kidogo mbuzi walikuwa wanatafuna kitu ambacho mimi nisingekiita majani.

"Mwanangu asisikie," alisema. "Akisikia nusu ya kwanza atalia. Akisikia nusu ya pili atashangilia. Yote mawili atakuwa amekosea. Neno hili liishie hapa."

Likaishia pale. Na kwa kuwa ndilo jibu pekee nililowahi kupewa kuhusu jambo hilo ambalo halikunitaka nishangilie wala nilie, nililichukua likawa langu pia, bila kumwomba ruhusa. Tangu siku ile kanisani nimekwenda Jumapili nyingi za kawaida, na sijasema tena kwamba ni utafiti.

Mara ya mwisho kumwona ilikuwa mwanzoni mwa mvua. Ugonjwa ulikuwa umemla nguvu kidogo kidogo, kwanza miguu, kisha mikono, mpaka kijiko kikamshinda. Binti yake, mwalimu wa shule ya msingi na mtoto wake pekee, alikuwa amechukua likizo na kuhamia Miyuji kumuuguza. Nilimkuta anambadilisha ubavu. Alikuwa na kidonda kwenye nyonga ya kulia, kwa hiyo alimlaza chali au ubavu wa kushoto tu, akimgeuza kila baada ya muda ili mgongo nao usichubuke. Alifanya hivyo kwa ustadi, akizungumza naye kama anapanga nguo.

"Unaona, Mama Lugha," Profesa alisema, sauti ikiwa imebaki ndogo kama uzi. "Sasa naishi kwa z."

Nilicheka, kisha nikatafuta kitu cha kutazama. Dirisha lile la kaskazini lilikuwa upande wake wa kulia, na kwenye ukingo wake kopo la udongo.

"Imenyesha?" aliuliza.

"Juzi, Profesa."

"Ya kwanza?"

"Ya kwanza."

"Usiiamini."

Binti yake alikuwa anakunja shuka. Nadhani alikuwa ameliwaza jambo lile siku nyingi na kuwepo kwangu kukampa ujasiri. Alipiga magoti kando ya kitanda. Kwa Waislamu, mtu akiwa anakata roho, walio karibu naye humgeuza alale akielekea kibla. Ni jambo la heshima ya mwisho, na anayelifanya mara nyingi ni mtoto.

"Baba," alisema, "wakati ukifika, mimi ndiye nitakayekugeuza kibla. Sitamwachia mtu."

Profesa alifumba macho. Nilidhani amelala.

"Usinigeuze," alisema.

Binti alibaki amepiga magoti. Kisha akainuka, akachukua beseni na kutoka nalo, ingawa lilikuwa tupu.

"Mama Lugha."

"Naam, Profesa."

"Umesikia nilichosema?"

"Nimesikia."

"Umesikia herufi gani?"

"Z."

"Basi umesikia vizuri."

Nilimsubiri aongeze, naye akalala, safari hii kweli. Nilimshika mkono uliokuwa mwepesi kama mfuko mtupu, nikatoka uani.

Binti yake alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, beseni mapajani.

"Dada, wewe umekaa naye miaka yote. Alikwambia nini? Anaamini, haamini?"

"Hakuwahi kuniambia."

"Maana mimi sijui nifanye nini. Nikimgeuza, nimemwasi baba yangu siku ya mwisho, hata nafasi ya kumwomba radhi sina. Nisipomgeuza, nimemwacha aende kama mtu asiye na mwenyewe. Mama atanitazamaje huko?" Alijifuta uso kwa ncha ya mtandio. "Miezi yote hii ninamgeuza. Mchana namgeuza, jioni namgeuza. Nishindwe mara moja ile?"

Ningeweza kumpa nusu ya pili, ile ya bismillahi, akafurahi. Lakini isingekuwa kweli bila nusu ya kwanza, na nusu ya kwanza sikuwa na moyo wa kuitoa mbele ya beseni lile. Nikamwambia maneno ambayo watu kama mimi huyasema, kwamba moyo wake utamwongoza. Alinitazama kwa huruma, kama mwalimu anavyomtazama mwanafunzi aliyekariri.

"Haya, Dada. Asante kwa kuja."

Jua lilirudi baada ya hapo, kama kawaida, na waliokuwa wamepanda walianza kulalamika.

Simu ilipigwa mvua ya pili ilipokuwa inaanza, asubuhi, mimi nikiwa nyumbani Mkonze nachukua nguo kwenye kamba. Niliingia ndani nazo begani. Bati lilikuwa limeanza kupiga kelele.

"Dada."

"Nakusikia, mdogo wangu."

"Baba ametutoka."

Nguo zilinianguka begani, nikazikalia. Nilisema pole, nikasema tena pole, nikamuuliza kama yuko na mtu.

"Jirani amekuja sasa hivi. Lakini ilipotokea hapakuwa na mtu. Dada, sikiliza. Nilimlaza ubavu wa kushoto, ananitazama pale mlangoni. Unaelewa? Mlangoni. Nikaenda kuepua uji. Uji tu. Nimerudi nimemkuta ubavu wa kulia. Juu ya kidonda. Ametazama dirisha."

"Nani alimgeuza?"

"Ndiyo nakuuliza wewe."

"Mimi niko Mkonze."

"Najua uko Mkonze." Alikaribia kucheka, na kicheko kikakatikia njiani. "Mkono ulioshindwa kijiko, Dada. Kijiko."

Hapo ndipo nilipomwambia ya dimbwini. Nilimwambia nusu zote mbili, mkono ambao hakuuona na neno ambalo hakulizuia, kwa kupaza sauti juu ya kelele za bati, namna mbaya kabisa ya kutoa siri ya mtu. Sikusikia akilia wala akishangilia. Nilisikia mvua tu, ya kwangu, na nyuma yake, kwa mbali ndani ya simu, mvua ya Miyuji.

"Watu wa msikitini wako njiani wanakuja kumwosha," alisema mwishowe. "Wataniuliza nani aliyemgeuza. Wewe ndiye wa lugha. Niwaambie nini?"

Nikamwambia. Mvua ikatukatia neno.

"Unasema amegeuzwa?"

"Hapana," nilisema. "Amegeuka."